Elfu Tano ya Mtaa: Ilikwenda Wapi, na Nani Aliamua?

Michango ya ulinzi, taka na mtaro inatoka kwenye bajeti yenu ya nyumbani kila mwezi. Je, wewe na mwenzi wako mnajua inaamuliwaje? Tumeingia Tabora, mji uliojengwa na misafara, kutafuta jibu.

Jumamosi asubuhi, chai bado iko mezani, mara mlango unagongwa. Hodi! Ni mjumbe wa mtaa na daftari lake lililokunjika pembe. Ulinzi, shilingi elfu tano. Mwezi uliopita ilikuwa taa, na kabla ya hapo ilikuwa mtaro. Mwenzi wako anakuangalia, nawe unamwangalia. Mwisho mmoja wenu anatoa hela ili mambo yaishe. Mlango ukishafungwa ndipo maswali yanapoanza: hivi zile za mtaro zilifanya nini, mbona mtaro wenyewe hauonekani?

Kama mnaishi Ipuli, Cheyo, Isevya, Ng'ambo au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Tabora, habari hii si ngeni. Na kama mko Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam, badilisheni jina la mtaa tu, mengine ni yale yale. Mnalipa, mnanung'unika, mnalipa tena. Halafu siku moja mnaacha kulipa. Jirani naye anaacha. Baada ya miezi miwili mlinzi anaondoka, na wezi hawachelewi kupata taarifa.

Ndiyo maana tunasema suala hili si la wazee wa mtaa peke yao. Ni lenu ninyi vijana mlioanza maisha juzi, mliopanga vyumba viwili au mliosimamisha nyumba yenu ya kwanza. Hela ni yenu, na usalama ni wenu.

BODI YETU NI MTAA

Wenzetu wa Marekani wana vyama vya wenye nyumba. Ukinunua nyumba kwenye eneo fulani unakuwa mwanachama, unalipa ada, na bodi iliyochaguliwa inapanga matumizi: ulinzi, bustani, barabara, ukarabati. Kwetu ukiwa na sehemu ndani ya ghorofa, ipo sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na wenye sehemu huwa na chama chao cha kusimamia vitu vya pamoja kama ngazi, paa na mabomba. Jirani zetu wa Kenya nao walitunga sheria mpya ya aina hiyo mwaka 2020, kuchukua nafasi ya ile ya 1987.

Lakini Tabora wengi wetu hatukai ghorofani. Tuna nyumba zetu za chini na ua wake, mwembe mmoja na choo cha nje au cha ndani. Bodi yetu ni serikali ya mtaa: mwenyekiti na wajumbe wa kamati, ambao nchi nzima iliwachagua tarehe 27 Novemba 2024, pamoja na Afisa Mtendaji wa Mtaa ambaye ni mwajiriwa wa Halmashauri. Juu yao wote uko mkutano wa mtaa, yaani wakazi wenyewe waliofikisha umri wa miaka 18.

Hapo kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Kwenye chama cha wenye sehemu za ghorofa, mwenye kauli ni mwenye mali. Kwenye mtaa, mwenye kauli ni mkazi. Nesi aliyehamishiwa Kitete, mwalimu aliyepangiwa shule ya hapa mjini, kijana wa benki anayekaa chumba na sebule, wote wana haki ya kukaa mkutanoni, kuuliza na kupiga kura. Ile "mimi mpangaji tu bwana" haipo kisheria. Ni kisingizio cha kubaki kitandani.

Tena watu wa magharibi hawakuanza jana kujilinda kwa pamoja. Sungusungu walianzia huku huku, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Watu walikutana, wakachagua viongozi wao, wakapeana zamu. Serikali ilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Nguvu ya vikundi hivyo ilikuwa ni watu kuaminiana. Walipoaminiana, walitoka usiku. Imani ilipopungua, kila mtu alijifungia kwake.

HONGO, POSHO NA KIBABA

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mji huu una somo la hela ambalo wengi tunalipita tu pale Kwihara, kwenye nyumba ya makumbusho ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872.

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo mizigo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilipita nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara. Zilirudi pembe za ndovu, na kwa masikitiko makubwa, binadamu waliouzwa utumwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO yawe urithi wa dunia.

Kila msafara ulipoingia nchi ya mtemi fulani, ulilipa ada ya kupita. Ada hiyo iliitwa hongo. Ndiyo, hongo! Wakati ule halikuwa neno la aibu. Ililipwa mchana kweupe kwa mikono ya merikani na kaniki, na kila mtu kambini aliona. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua kiasi kabla ya kufika. Leo mtemi huyu anataka doti kumi, kesho yule anataka arobaini, na msafara unakaa siku kadhaa ukibembeleza, huku chakula kinaisha na wapagazi wanatoroka.

Mambo mengine yaliishia vitani. Mtemi Mnywa Sela wa Unyanyembe alipotaka wafanyabiashara wa pwani walipe kodi, walimwondoa madarakani na kumweka mwingine. Vita vikaendelea kwa miaka, mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo naye alipogombana nao aliifunga kabisa njia ya Ujiji. Biashara ikasimama kwa sababu watu hawakuelewana nani alipe nini na kwa nani.

Linganisha na neno jingine la misafara: posho. Mpagazi alijua posho yake kabla ya kunyanyua mzigo. Kipimo kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo ya kununulia chakula njiani. Kibaba kila mtu anakijua, huwezi kumdanganya mtu kwa kibaba. Kiongozi aliyepunja posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenye mabega wameondoka.

Maneno yote mawili tunayo hadi leo. Hongo imekuwa rushwa. Posho imekuwa ile ya vikao. Sisi tunaona somo hapo: malipo ambayo kiasi chake na kazi yake havijulikani mapema yanaharibika, hata kama yalianza kwa nia njema. Malipo yenye kibaba chake yanadumu.

SHIDA IKO KABLA YA RISITI

Tukizungumzia uwazi, wengi wetu tunafikiria risiti. Mwenyekiti alete risiti, mambo yaishe. Risiti ni muhimu sana, lakini inakuja mwishoni. Inakuonyesha kilichonunuliwa. Haikuonyeshi kwa nini kilinunuliwa hicho na si kingine, wala nani alikubali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una nyumba 80, kila moja inatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni 400,000. Walinzi wawili wanalipwa 150,000 kila mmoja, jumla 300,000. Tochi, betri na makoti ya mvua ni 40,000. Inabaki 60,000 ya akiba. Kwenye karatasi mambo ni safi.

Sasa nyumba 20 hazilipi. Makusanyo yanashuka hadi 300,000, yote yanaishia kwa walinzi. Hakuna betri, hakuna akiba. Kamati inakaa peke yake usiku na kuamua kupandisha mchango hadi 7,000. Hakuna aliyeiba hata senti! Lakini mlipaji mwaminifu anaona mchango umepanda na tochi haiwaki. Anajumlisha mwenyewe: wamekula. Mwezi ujao naye haonekani, na nyumba zisizolipa zinakuwa 21, kisha 30.

Kamati ile ingeitisha mkutano na kusema "wakazi wenzetu, nyumba 20 hazilipi, tufanye nini?", mtaa ungekuwa na njia kadhaa. Kuwafuata wasiolipa. Kubaki na mlinzi mmoja. Kumsamehe bibi mjane wa nyumba ya kona na fundi aliyevunjika mguu, kisha wengine wabebe. Kila njia ina maumivu yake, lakini maumivu uliyoyachagua mwenyewe unayavumilia.

Kuficha hesabu kunaweza kuleta hasara ndogo ya betri. Uamuzi unaokokotwa unaweza kuleta kubwa zaidi. Mji wa Surfside, huko Florida, Marekani, kulikuwa na ghorofa la makazi lililoitwa Champlain Towers South. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege lina uharibifu mkubwa. Wenye nyumba na bodi yao wakavutana kwa muda mrefu juu ya gharama. Mchango wa ukarabati wa kama dola milioni 15 ulikuja kupitishwa mwaka 2021. Tarehe 24 Juni mwaka huo huo sehemu ya jengo ilianguka usiku watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Sababu za kihandisi ni nyingi, lakini kila anayekaa kwenye kamati ajue hili: bajeti ya pamoja si karatasi tu.

UAMUZI WA BUSARA ULIPATIKANA HAPA HAPA

Kuna wanaosema mkutano wa wazi unaleta kelele, bora wachache waamue. Tabora ina jibu lake.

Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu mjini hapa. Swali lilikuwa zito: waingie au wasiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti ya kipato na elimu yaliyowaacha nje Waafrika wengi? Wajumbe wengi walikuja na hasira, wakitaka kususa. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini hapa, alisimama kuwashawishi waingie. Walibishana kweli kweli. Mwisho wakapiga kura na kukubali kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akaondoka na kuanzisha chama chake cha ANC. Kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda kwa kishindo. Hadi leo historia inauita Uamuzi wa Busara.

Angalia, kelele zilikuwepo, na kuna mtu aliondoka amekasirika. Lakini hata aliyeshindwa alijua ameshindwa kwa hoja gani na kwa kura. Kama jambo la nchi liliweza kujadiliwa hivyo, mtaro wa mtaa utashindikanaje?

"MWENYEKITI, NAOMBA NIELIMISHWE"

Tuseme ukweli, kinachowazuia vijana wengi si uvivu peke yake. Ni heshima. Mwenyekiti ni mtu mzima, pengine amemlea mama yako. Utasimamaje, kijana wa juzi, umdai hesabu mbele za watu? Utaonekana unamwita mwizi.

Njia ipo. Shikamoo kwanza. Kisha uliza kama mtu anayetaka kujua, maana kweli unataka kujua. "Mwenyekiti, naomba nielimishwe, mchango huu ni ada ya Halmashauri au ni makubaliano yetu wenyewe?" Swali hilo moja lina faida kubwa. Ada ya Halmashauri ina sheria ndogo yake, ina namba ya malipo na stakabadhi ya serikali. Mchango wa ulinzi mliojipangia wenyewe unatakiwa uwe na muhtasari wa mkutano uliokubali. Kama havipo vyote viwili, basi hapo pana mazungumzo.

Maswali mengine ya adabu: Tulikubaliana lini? Nyumba ngapi zinalipa? Zimebaki shilingi ngapi? Mwezi ujao tunapanga nini? Usiulize "mmekula shilingi ngapi". Swali hilo linafunga milango, na wakati mwingine unamuumiza mtu msafi anayejitolea bila mshahara.

Na ukinyimwa majibu ya mambo ya ofisi ya umma? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Anza na Mtendaji wa Mtaa, nenda kwa Mtendaji wa Kata. Barua fupi yenye adabu inafika mbali kuliko umbea wa kijiweni.

MWENZI WAKO AKICHAGULIWA MWEKA HAZINA

Hapa ndipo mapenzi yanapokutana na daftari. Vijana wasomi ndio wanaosukumiwa kazi hii. "Wewe unafanya kazi benki, tushikie hela." Mkutano unapiga makofi, na mnarudi nyumbani na furaha. Kasheshe inakuja baadaye.

Hela za mtaa zinaingia kwenye simu ya mumeo, laini ile ile ya mshahara. Mtoto anaugua usiku, kwenye laini kuna laki tatu na nusu. Zenu ni hamsini tu. "Tuazime, tutarudisha mwisho wa mwezi." Nani atakataa mtoto akiungua homa? Mwisho wa mwezi unafika na kodi ya nyumba nayo imefika. Watu wengi wanaoitwa wezi wa mtaa walianza hivyo, na wengi wao wake zao au waume zao hawakujua, au walijua wakanyamaza.

Kwa hiyo kabla hamjakubali nafasi hiyo, kaeni wawili mkubaliane haya:

• Hela za mtaa zisiingie kabisa kwenye laini wala akaunti ya familia. Fungueni akaunti ya kikundi, ya benki au ya simu, inayohitaji watu wawili au watatu kuidhinisha.

• Hakuna kuazima, hata kwa siku moja. Wekeni akiba yenu ya dharura pembeni, hata ikiwa ndogo.

• Usimfiche mwenzi wako kwamba una dhamana hiyo. Siku watu wakija kuuliza, yeye ndiye atakayefungua mlango.

• Usimfanye mwenzi wako karani wako pia. Mkeo akipokea michango na wewe ukaandika, mtaa utasema hela ziko nyumba moja.

• Kabidhi daftari likaguliwe kila mwezi hata kama hakuna aliyeomba. Siku utakayoombwa utakuwa umechelewa.

Na kama si mmoja wenu aliyechaguliwa, bado mna kazi. Michango iwe na mstari wake kwenye bajeti ya nyumbani, kama umeme na maji. Pangeni zamu ya kwenda mkutanoni. Nyumba nyingi mama analipa mlangoni na baba anaenda kikaoni, hivyo anayejua kilicholipwa hayupo pale panapoamuliwa. Mkipeana taarifa jioni, hakuna haja ya ugomvi wa "nani alikutuma utoe".

KARATASI MOJA UKUTANI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti kubwa na lisilokuwepo. Mtaa hauhitaji kompyuta. Unahitaji karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, ofisini au dukani kwa Mangi, yenye mistari hii:

1. Tulichokubaliana, tarehe ya mkutano, na watu wangapi walihudhuria.

2. Kiasi kwa nyumba, na nyumba ngapi zimelipa mwezi huu. Idadi inatosha. Msibandike majina ya waliokwama, maskini asivuliwe nguo sokoni.

3. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

4. Walioidhinisha, kwa majina na sahihi.

5. Jambo linalosubiri kuamuliwa, na tarehe ya mkutano ujao.

Mstari wa tano ndio unaosahaulika, na ndio wenye thamani kuliko yote. Mitatu ya katikati inaeleza yaliyopita. Wa tano unamwambia kijana wa vyumba viwili kwamba bado hawajaamua, na nafasi yake ipo. Mkutano ujao ukitangazwa, zimeni televisheni, fungeni geti, nendeni wote wawili.